Kidole cha Sadoki

Lemburis wa Sekei hakuzaliwa na shaka. Waliomjua tangu ujana wake walisema alikuwa mtu mpole, mtoto wa mke mdogo, aliyezoea kutumwa huku na huku na kukaa pembeni wakubwa wakizungumza. Shaka ilimwingia polepole, na kila ilipoingia ilikuwa na sababu.

Alikuwa bado mtoto wakati sotoka ilipofagia ng'ombe wa mlima mzima. Alimwona baba yake ameketi mbele ya zizi tupu, akiwauliza wapita njia ni nani aliyeleta balaa ile. Wapita njia walitikisa vichwa na kuendelea na safari zao. Njaa ya mwaka ule Lemburis aliisahau baadaye, kama watu wanavyosahau njaa. Vile vichwa vilivyotikiswa hakuvisahau.

Kisha wakaja Wadachi na bunduki zao. Walipokwisha kuishinda nchi, walipeleka habari kwamba wanaume waje mjini Arusha kwa mazungumzo, kwa amani, bila mikuki. Baba yake alijipaka mafuta, akavaa ngozi yake nzuri, akaenda. Wanaume walipokwisha kukusanyika, askari waliokuwa wamejificha walitoka wakawazunguka. Baadhi walirudi nyumbani siku zilizofuata. Baba yake Lemburis hakurudi, na hakuna aliyekuja kueleza alizikwa wapi. Baada ya hapo Lemburis mwenyewe alikamatwa pamoja na vijana wenzake kujenga Boma, ile ngome nyeupe ya Wadachi. Alibeba mawe na chokaa mpaka mabega yakachunika, akitembea nyuma ya wafungwa waliofungwa mnyororo mmoja shingoni. Alipoachiliwa alikuwa na elimu moja kichwani: neno zuri likitoka Boma, lipo neno jingine nyuma yake. Kwa yale aliyoyaona, elimu hiyo haikuwa mbaya.

Maisha yakasonga. Alimwoa Nashipae, akapanda migomba na ulezi pale Sekei, na ng'ombe wake wakaongezeka kidogo kidogo. Malisho yao yalikuwa chini, upande wa Lemara na kuendelea, uwanda mpana wa nyasi ambako mifugo ya watu wengi ilichanganyika. Hakuna aliyekaa kule. Watu walikaa juu kwenye baridi na maji, wakashusha ng'ombe asubuhi na kuwapandisha jioni.

Dada yake wa tumbo moja, Simaloi, aliolewa na Mmeru kutoka Tengeru aitwaye Sadoki, kijana aliyebatizwa na wamisionari na kujua Kiswahili cha kusoma na Kidachi cha kusikia. Sadoki alikuwa akipata vibarua mjini, kwa hiyo Lemburis akampa kipande cha shamba karibu naye ili dada yake asiende mbali. Waliishi vizuri. Sadoki alipenda kucheka, naye Lemburis alipenda kumsikia akicheka, ingawa hakupata kumwambia.

Mambo yalianza mwaka ambao Mzungu mmoja mpimaji alikuja kupiga hema uwandani. Alikuwa na darubini iliyosimama juu ya miguu mitatu, fito zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na mnyororo mrefu wa chuma ambao vibarua waliuburuta kwenye nyasi, wakauinua, wakauburuta tena. Sadoki alikuwa mmoja wa vibarua hao. Yeye ndiye aliyebeba ile miguu mitatu.

Lemburis aliwaona kwa mara ya kwanza akiwa amesimama kwenye kilima, ng'ombe wake wakinywa maji bondeni. Alipouona mnyororo alikumbuka shingo za wafungwa wa Boma. Hakuna mtu aliyekuwa amefungwa, ila mnyororo ni mnyororo. Kisha Mzungu akainamia darubini, akaigeuza taratibu mpaka ikaelekea kule aliko. Mzungu akasema neno. Sadoki akainua mkono na kunyoosha kidole, moja kwa moja, kwa Lemburis na ng'ombe wake.

Juma lile ndama wake wa kwanza akavimba tezi chini ya masikio. Akawa anahema kwa shida, povu likamtoka puani, akafa. Akafuata mwingine, halafu mtamba aliyekuwa na mimba. Majirani nao wakaanza kuchinja wagonjwa kabla hawajafa. Lemburis aliketi mbele ya zizi lake, na Nashipae, aliyemletea uji, akaona kwamba hanywi.

"Ni ugonjwa," Nashipae alisema. "Umewahi kuja, utaondoka."

"Kwa nini uje sasa?"

"Ugonjwa una saa yake? Kunywa uji, baba."

Hakunywa. Alikuwa anavipanga vitu kichwani: darubini, mnyororo, kidole. Siku kadhaa vilikaa mbalimbali. Halafu asubuhi moja, akiwa anakata majani ya migomba, vikakutana vyenyewe, na akasikia kitu kama kufunguliwa mzigo mgongoni. Kulikuwa na mtu. Balaa hili lilikuwa na mwenyewe. Siku hiyo alikula chakula chote, na Nashipae akafurahi, hakujua sababu.

Kwanza alimwambia rika lake mmoja tu, Lemayian, mtu wa maneno machache. Lemayian alisikiliza akiwa anachonga mpini wa jembe.

"Ng'ombe wa Sadoki wamekufa wangapi?" Lemburis akamuuliza mwishoni.

"Sijasikia amekufa hata mmoja."

"Basi."

Lemayian aliendelea kuchonga. Alisema kwamba Wameru hufungia ng'ombe wao ndani na kuwaletea majani, labda ugonjwa umekaa kwenye nyasi za chini. Lemburis hata hakukasirika. Alimwonea huruma kidogo, kama unavyomwonea mtu asiyeona vizuri.

Wengine walimsikiliza zaidi. Walikuwa wamepoteza mifugo, na kila mmoja alikuwa na kitu chake kilichomkwaruza moyoni. Mmoja alikumbuka kwamba Sadoki alipewa koti na Mzungu. Mwingine alisema mawe yaliyokuwa yakisimikwa uwandani na kupakwa chokaa yanafukiwa kitu chini yake, kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa. Mke wa huyo akaongeza kwamba watoto waliocheza karibu na jiwe moja waliota ndoto mbaya. Lemburis alipokea kila neno na kulitafutia mahali pake. Alikuwa na kipaji hicho, na hakuwa amejua. Kufikia mwisho wa masika watu walikuja kwake jioni kabla giza halijaingia, wakaketi kwenye magogo, wakaleta pombe ya ndizi. Wazee ambao zamani walimpita bila kumwona sasa walinyamaza alipokohoa. Yeye, mtoto wa mke mdogo, alikuwa anajua jambo ambalo wengine hawalijui. Hakuwa akisema uongo. Kila alichokisema alikiamini, na kila aliposema aliamini zaidi.

Simaloi alikuja akiwa na mtoto mgongoni. Hakuketi.

"Kaka, nasikia tunatajwa hapa."

"Nani amekuambia?"

"Wanawake wananikimbia kwenye mfereji wa maji. Nikifika, wanabeba vibuyu vyao wanaondoka. Mimi nimewafanya nini?"

"Wewe hujafanya kitu."

"Ng'ombe wetu wanalala ndani na kula migomba. Hawashuki bondeni. Ndiyo maana ni wazima."

Lemburis akamtazama. "Na nani alimwambia mume wako awafungie ndani?"

Simaloi alifungua mdomo, akaufunga. Hakuna aliyekuwa amemwambia; Sadoki alikuwa amefanya kama baba yake alivyofanya na babu yake kabla yake. Lakini Lemburis aliuona mdomo ule ukifunguka na kufungwa, akaliweka na hilo mahali pake.

Siku chache baadaye Sadoki mwenyewe alikuja, wakati watu wapo. Alikuwa amevaa lile koti. Alisalimia, "Shikamooni, wazee," na walioitikia walikuwa wachache.

"Shemeji," alimwambia Lemburis, "nimekuja kusema neno moja kwenu nyote, halafu mnifanye mpendavyo. Ile kazi ni ya kupima ardhi. Hakuna kingine. Mzungu anazungumza na mwenzake wakidhani mimi sisikii, na mimi nasikia. Watakuja wakubwa, watauliza ardhi ipi ina watu na ipi haina watu. Yenye nyumba na mashamba itaachwa. Ile watakayoikuta tupu watawapa Makaburu na walowezi wengine. Malisho yenu kwao ni tupu. Shukeni sasa, jengeni vibanda, pandeni migomba, hata kama itakauka. Wakija wawakute mpo."

Lemayian aliacha kutafuna jani alilokuwa nalo mdomoni.

"Huyo Mzungu anajua umekuja kutuambia?" Lemburis aliuliza.

"Hajui. Akijua atanifukuza."

"Unakula kwake na kuvaa koti lake, na unamgeuka. Sasa sisi tukuamini vipi?"

"Kwa sababu ninyi ni watu wangu. Simaloi ni mke wangu."

"Na kama angejua, ungekuwa umetumwa."

Sadoki aliwageukia wengine. "Kwa hiyo akijua mimi mbaya, asipojua mimi mbaya."

"Umesema mwenyewe."

Watu wakaguna. Lemburis alihisi joto kifuani, joto la mtu anayeshinda, akaendelea. "Unataka tushuke sote, tukae mahali pamoja, wazi, bila mti wa kujificha. Baba yangu aliitwa hivyo hivyo, kwa amani, aje akutane na wenzake. Na siku ile ulinyoosha kidole kwangu. Nilikuona kwa macho yangu. Juma lile ndama wangu akafa."

Sadoki ilimchukua muda kuelewa. Kisha uso wake ukawa kama wa mtu aliyepigwa na rafiki.

"Aliniuliza yule mtu aliyesimama juu kilimani ni nani," alisema kwa sauti ya chini. "Nikamwambia ni shemeji yangu, anachunga. Nilikuwa nakusalimia, shemeji. Nilidhani umeniona nakusalimia."

Kwa kitambo kidogo Lemburis alikumbuka ule mkono ulivyopanda, na jinsi kiganja kilivyofunguka baada ya kidole. Alikumbuka hivyo au alidhani anakumbuka. Lakini watu walikuwa wanamtazama, wakisubiri, na pombe waliyoileta ilikuwa bado miguuni pake. Akacheka kidogo kwa pua. "Salamu," akasema, na wengine wakacheka naye.

Jumapili iliyofuata, Sadoki na Simaloi walipokuwa kanisani, watu waliingia shambani mwao wakafyeka migomba yote, hata ile iliyokuwa na mikungu michanga. Lemburis hakuwemo. Alisikia mapanga akiwa nyumbani kwake, akaendelea kusuka kamba. Nashipae alisimama mlangoni, akatazama upande wa sauti, kisha akamtazama yeye.

"Ni shamba la dada yako," alisema.

"Mimi sikumtuma mtu."

"Sikusema umetuma."

Sadoki na mkewe walihamia Tengeru kwa ndugu zake. Simaloi alikuja kuaga, mtoto mgongoni, kifurushi kichwani, na safari hii pia hakuketi.

"Nataka kukuuliza, kaka. Mtu mwenye nguvu za kuua ng'ombe kwa kidole, angebeba vyuma vya watu mgongoni jua kali? Angekubali kutukanwa ili apate koti kuukuu?"

Swali lilimkaa Lemburis kichwani, akalala nalo, akaamka nalo. Mchana wake akapata jibu: hiyo ndiyo njia ya watu wa namna hiyo ya kujificha. Alipolipata alipumua vizuri, na jioni akawaambia wengine, wakakubali kwamba ndivyo.

Wakubwa walikuja kiangazi, kama Sadoki alivyosema. Walikuja na askari, na mkalimani, na jumbe aliyetembea nyuma akiwa na hofu kuliko mtu yeyote. Lemburis alikuwa amekwisha kuwaonya watu: siku hiyo mtu asishuke, ng'ombe asishuke, moshi usionekane. Jicho la darubini lisipate kitu cha kukamata. Walitii. Kutoka juu, wakiwa wamejificha kwenye migomba, waliwatazama Wazungu wakizunguka uwanda mzima wenye nyasi zilizosimama kimya, wakinyoosha mikono, wakitikisa vichwa. Mkalimani aliita kwa sauti mara kadhaa. Hakuna aliyeitika. Watu wa Sekei walishikana mikono kwa furaha, wakijiona wameokoka.

Mvua zilipokaribia, magari ya kukokotwa na ng'ombe yakaingia uwandani, na Kaburu mmoja na wanawe wakaanza kulima. Mchungaji aliyeshusha mifugo akakutana na mbwa na bunduki. Mawe yale meupe yalikuwa mpaka.

Unaweza kudhani watu walimgeukia Lemburis. Haikuwa hivyo. Walikuja kwake wengi zaidi kuliko zamani, wakasema, "Ulituambia kuna jambo. Ulijua." Naye akakubali kwamba alijua. Si alisema tangu mwanzo kwamba ule mnyororo haukuwa wa heri? Sadoki alikuwa na Wazungu, na Wazungu wamechukua ardhi. Nani anahitaji ushahidi zaidi ya huo?

Ila kulikuwa na kitu kimoja. Mpaka wa Kaburu ulikuja umenyooka kutoka mtoni, mawe yakifuatana, na mahali pamoja ulipinda. Ulizunguka kibanda kibovu na migomba michache iliyokauka nusu, kisha ukarudi kwenye mstari wake. Kibanda hicho kilikuwa cha Lemayian. Alikuwa amekijenga kimya kimya nyuma ya kilima, mahali pasipoonekana kutoka juu, baada ya siku ile Sadoki alipozungumza, akapanda migomba, akamweka mama yake mzee akae pale. Wakubwa walipofika, bibi huyo alitoka na kuwatazama, na hiyo ikatosha: mahali pale palikuwa na mtu.

Lemburis alikwenda peke yake kuona. Alisimama pale mpaka ulipopinda, jiwe jeupe upande huu na jiwe jeupe upande ule. Mama yake Lemayian, aliyekuwa anaanika mtama, alimwambia, "Karibu, mwanangu, ng'ombe wako waje walishe hapa, ingawa ni padogo." Akasema ahsante, akaondoka haraka. Mchana wote na kesho yake alitafuta mahali pa kuliweka jambo hili, na mara hii lilikataa kukaa. Watu walipomuuliza kuhusu Lemayian, alisema, "Huenda naye aliuza siri." Alilisema bila nguvu. Wengine wakaanza kumkwepa Lemayian, na Lemburis hakuwazuia.

Baada ya hapo alipunguza maneno. Pombe iliendelea kuja kwa muda, kisha ikaacha. Ng'ombe waliobaki aliwafungia ndani akawaletea majani, na hakumweleza mtu yeyote kwa nini. Hakuna aliyekufa tena.

Vita vya Wazungu vikaja. Wadachi walipoanza kurudi nyuma walikamata wanaume wa kubeba mizigo, kutoka Tengeru na kutoka kila mahali, na Sadoki akawa mmojawao. Waingereza waliingia Arusha. Vijana wakafurahi, wakasema sasa malisho yatarudi. Lemburis aliwaambia yasitarajiwe. Hakuwa na hadithi ya kueleza sababu, aliwaambia tu, na walimwona mzee mwenye kinyongo.

Habari kwamba Sadoki amekufa njiani, kwa kuharisha au kwa homa, ilimfikia kupitia watu wa sokoni. Alichukua fimbo na kwenda Tengeru kwa miguu. Alimkuta Simaloi ameketi nje, amekonda, macho makavu. Watoto walimtazama mjomba wasiyemjua.

Mara hii Lemburis ndiye aliyekosa kuketi. Alisimama mpaka Simaloi alipomsukumia kigoda.

"Hakuchukuliwa hivi hivi," Simaloi alisema, bila salamu. "Jirani yetu alibaki, ana nguvu kuliko yeye. Kwa nini yeye abaki na mume wangu aende? Huyo jirani tuligombana naye juu ya mfereji. Na siku moja kabla, nilimwona amesimama na jumbe, wanazungumza. Waliponiona wakanyamaza."

Lemburis aliijua sauti ile. Ilikuwa imetulia, imepangika, kila kitu kikifuata kingine, na chini yake kulikuwa na mtu aliyeumia mpaka hawezi kukaa bila jibu.

"Wanawake hapa wananiunga mkono," Simaloi akaendelea. "Hata huyo jirani mwenyewe ananikwepa sasa. Kama hana hatia, kwa nini anikwepe? Wewe kaka ndiye uliyekuwa unaona mambo haya kabla ya watu. Niambie. Ni yeye?"

Maneno mengi yalimjia Lemburis. Yapo ambayo angepaswa kuyasema tangu siku ya mapanga, na kila moja lilipofika mdomoni lilikuta mlango umefungwa. Kwa uso gani angemwambia dada yake asimshuku mtu?

"Alikuwa anasema nini na jumbe?" aliuliza.

"Sikusikia. Nimekuambia walinyamaza."

"Kwa hiyo hukusikia."

"Kaka, ni yeye au si yeye?"

"Sijui," Lemburis alisema.

Simaloi alimtazama kana kwamba amemtemea mate. "Wewe? Hujui?"

"Sijui, Simaloi. Sijui kabisa."

Simaloi alinyanyuka na kuingia ndani, akafunga mlango nyuma yake. Lemburis alibaki kwenye kigoda. Kisha akaona kwamba ng'ombe wa dada yake, mmoja aliyebaki, alikuwa anaramba hori tupu. Akawauliza watoto panga liko wapi, akaenda shambani kumkatia majani ya migomba.